Sudalaimuthu Ahama Mwavuli

Isakkiammal alijua mumewe anahama chama kabla magazeti hayajajua, na kabla mwenyewe hajapata ujasiri wa kumwambia. Alijulia kwenye misuli anayojifunga kiunoni. Asubuhi moja muuza nguo wa sokoni alileta furushi mlangoni, akalifungua kwa haya, na ndani yake mlikuwa na misuli mipya ya pamba, myeupe pee, yenye ukanda wa kijani pindoni.

"Umekosea nyumba," Isakkiammal alimwambia. "Kijani peleka kwa kaka yangu. Hapa tunavaa zambarau."

"Sijakosea, mama. Mheshimiwa ameagiza mwenyewe."

Isakkiammal aligeuka akatazama kamba ya nguo uani. Misuli ya mumewe ilikuwa imeanikwa kama kila siku, yote ina pindo la zambarau, rangi ya chama cha Mwavuli. Amefua zambarau tangu wiki ya kwanza ya ndoa. Aliketi kizingitini akacheka, akacheka tena, mpaka muuza nguo akaanza kuogopa kwamba mama wa watu amepatwa na wazimu.

Si kwamba alikuwa na ugomvi na siasa. Sudalaimuthu alikuwa mtu wa Mwavuli tangu ndevu zinamchomoza. Alianza kwa kubandika mabango mjini Karuvelampatti, brashi mkononi, gundi ya unga wa mhogo imemgandia nyweleni. Aliwahi kulala relini kupinga bei ya mchele. Garimoshi likachelewa, akapitiwa na usingizi, na polisi wakamwamsha kwa upole kabisa kabla ya kumpeleka ndani. Kwa jela hiyo akawa diwani. Baada ya udiwani akawa mbunge wa jimbo, vipindi viwili, akaleta daraja, stendi ya mabasi yenye jina lake, na chuo cha ufundi ambacho paa lake lilikuja kipindi cha pili. Halafu uchaguzi uliopita aliangushwa, na aliyemwangusha alikuwa Kombaiah wa chama cha Mkokoteni, yaani shemeji yake, kaka wa Isakkiammal, tumbo moja.

Hapo ndipo penye kidonda. Zamani Sudalaimuthu alipobandika mabango, ndoo ya gundi ilibebwa na Kombaiah. Kombaiah ndiye aliyemleta nyumbani kwao kunywa kahawa, na kahawa ile ndiyo iliyozaa ndoa. Kisha Mwavuli ukatafuta mgombea, ndoo na brashi wote wakataka, na brashi akapewa. Wiki hiyo hiyo Kombaiah akavua zambarau, akavaa kijani. Sudalaimuthu alipanda jukwaani akasema maneno yaliyompa jina wilaya nzima: "Mtu anayebadili chama, kesho atabadili hata mama yake!" Watu walishangilia sana. Walishangilia hivi kwamba akayarudia kila mkutano, mwaka baada ya mwaka, na Kombaiah akaapa hatakanyaga nyumba ya dada yake mpaka hotuba hiyo ife. Haikufa. Ilikuwa hotuba nzuri.

Basi Isakkiammal alikaa katikati, mume huku, kaka kule, akinyamaza kwa ajili ya amani. Lakini mwaka huu hakuwa tayari kunyamaza. Binti yake wa pekee, Malarvizhi, alikuwa anaolewa mwezi wa Aavani, katikati ya Agosti, na harusi ya watu wale haiendi bila mjomba. Mjomba ndiye anayekuja na ngoma na zumari, amebeba zawadi kichwani mji mzima ukiona. Mjomba ndiye anayemshika bibi harusi mkono na kumpandisha jukwaani. Sudalaimuthu alikuwa ameshapendekeza binamu mmoja wa mkewe kutoka Sankarankovil. "Anatembea vizuri tu," alisema. Isakkiammal alimtazama kwa jicho ambalo lilimfanya ahamie varandani na gazeti lake.

Jioni ya ile siku ya furushi Sudalaimuthu alirudi, akakuta misuli ya kijani imekunjwa vizuri kitandani.

"Nilikuwa nataka kukwambia," alianza.

"Niambie sasa. Nasikiliza."

"Wamempa mwenye kokoto, Isakki! Tiketi yangu ya ubunge! Mtu kaingia chamani mwezi uliopita, hajui hata wimbo wa chama, anafungua mdomo tu kama samaki. Ana machimbo ya mawe na magari ya mizigo, basi. Mkuu hakunipigia simu hata kidogo. Nimesikia kwa kinyozi!"

"Pole, baba Malar."

"Mkokoteni wamenipigia wenyewe. Tiketi yangu iko pale. Kesho kutwa nakwenda Chennai, makao makuu."

Isakkiammal alikuwa anakatakata bamia. Kisu kikasimama. Jambo lilimjia taratibu, na lilipofika lilimjaa mwili mzima.

"Mkokoteni," alisema. "Chama cha kaka."

"Ndiyo… kwa bahati mbaya."

"Wewe na kaka chama kimoja! Kombaiah atakuja harusini! Hana sababu ya kutokuja!"

"Mimi siendi kwa kaka yako, Isakki. Nakwenda chamani. Hayo ni mambo mawili."

Lakini yeye hakuwa anamsikia tena. Bamia ziliachwa ubaoni. Alikwenda uani kumwita jirani yake Velammal juu ya ukuta, na sauti aliyoitia ilikuwa ya msichana.

Siku ya Chennai wanawake wa mtaa walijaa sebuleni mwake. Alikuwa amepika sufuria kubwa ya tambi za maziwa, korosho hazina idadi, hiliki inanukia mpaka barabarani. Mnajimu aliyemchagulia Sudalaimuthu saa njema alikuwa yule yule wa siku zote, mzee wa hekaluni anayeheshimiwa na vyama vyote, na saa ilipofika televisheni ikamwonyesha Mheshimiwa amesimama mbele ya Mkuu wa Mkokoteni, msuli wa kijani unang'aa. Mkuu alimtandikia shali ya hariri mabegani. Sudalaimuthu akainama, akainuka, akageukia umati, na kwa mazoea ya maisha yake yote akainua mkono juu na kufungua vidole, yaani alama ya Mwavuli.

"Mungu wangu," alisema Velammal. "Kaufungua mwavuli!"

Sebule ilipasuka kwa kicheko. Kwenye televisheni Sudalaimuthu aliutazama mkono wake ule wa juu kwa mshangao, akaukunja ngumi haraka, akaanza kuzungusha mikono yote miwili kama gurudumu, na umati ukampigia makofi kwa huruma. Isakkiammal alikuwa anafuta machozi ya kucheka kwa ncha ya sari wakati picha ilipobadilika. Ilikuwa Chennai bado, saa ile ile, jengo lingine. Mkuu wa Mwavuli alikuwa anamtandikia shali mtu mfupi mwenye masharubu, aliyevaa msuli wa pindo la zambarau.

Velammal ndiye aliyesogea karibu na kioo.

"Isakki. Huyu si kaka yako?"

Alikuwa kaka yake. Mkokoteni ulipompa Sudalaimuthu tiketi uliitoa mfukoni mwa Kombaiah, naye hakungoja kuambiwa na kinyozi. Ubunge wake ulikuwa umebakiza siku chache. Aliuacha mezani kwa Spika, akaenda kwa mnajimu yule yule kuuliza saa njema, akapewa saa ile ile, kwa sababu saa njema ni moja na mzee yule si mtu wa kusema nani alimtangulia. Mwavuli ulifurahi mno kulipiza kisasi hata ukamnyang'anya mwenye kokoto tiketi hapo hapo.

"Wamebadilishana," alisema Isakkiammal kwa sauti ndogo. Kisha kubwa: "Wamebadilishana kama watoto wanaogombania mbao ya bembea!" Wanawake walijizuia kwa heshima kadiri walivyoweza. Hawakuweza kwa muda mrefu, na tambi zililiwa zote, maana tambi hazina chama.

Mji uliyapokea mabadiliko hayo kwa furaha isiyo na adabu. Wafuasi wa Sudalaimuthu walikuwa wafuasi wa Sudalaimuthu, walimfuata alikokwenda. Wa Kombaiah vivyo hivyo. Kila upande ulijikuta na bendera za upande mwingine. Thangapandi, mpambe wa Sudalaimuthu, mtu mnene mwenye moyo safi, alikutana na mwenzake wa Kombaiah kwenye kibanda cha chai, na wakaona ni upuuzi kununua mpya. Walikutana njia panda mchana kweupe, wakakabidhiana bendera, vipaza sauti na hata viti vya ofisi, wakanywa chai, wakaagana kama maadui.

Nyumbani hakukuwa na kicheko. Kadi za harusi zilikuwa zimefika kutoka kwa mchapaji, zimepakwa manjano kwenye pembe kama inavyotakiwa. Kadi ya kwanza ni ya mjomba. Na haipelekwi na mtu mmoja. Baba na mama wa bibi harusi wanakwenda pamoja, na sinia la tambuu, popoo na matunda, wanaliweka mikononi mwake. Asipopokea yeye kwanza, nyingine hazitoki ndani.

"Siwezi," alisema Sudalaimuthu. Alikuwa anatembea chumbani huku na huku, kijani kinapepea miguuni. "Isakki, fikiri. Mwaka juzi tu Mkokoteni umemfukuza mwenyekiti wa tawi kwa kula wali kwenye harusi ya mtu wa Mwavuli. Wali! Hata mchuzi hakuwa ameongeza! Mimi ndio kwanza nimeingia, na mkono wangu huu umeshaniaibisha. Nikionekana mlangoni kwa Kombaiah, tiketi kwisha."

"Zamani hukwenda kwa sababu yeye ni Mkokoteni. Sasa huendi kwa sababu yeye ni Mwavuli."

"Ndiyo siasa."

"Na usaliti? Nani msaliti leo?"

Sudalaimuthu alisimama katikati ya chumba.

"Miaka yote," Isakkiammal alisema, na maneno haya yalikuwa yamekaa sana kifuani, "umesimama mbele ya watu ukisema kaka yangu atamuuza mama yake. Mama yake ni mama yangu. Nilikuwa nakaa safu ya mbele, na shada la maua nimevaa, napiga makofi. Leo umehama wewe. Umemuuza nani?"

"Mimi walinidharau, Isakki. Nimewapa ujana wangu, wakampa mwenye mawe. Ungetaka nikae tu pale, nitabasamu?"

"Na Kombaiah walimfanya nini?"

Sudalaimuthu aliketi ukingoni mwa kitanda. Alishika pindo la msuli wake akalipitisha baina ya vidole, akilitazama.

"Walimfanya hivyo hivyo," alisema mwishowe. "Na mimi nilikuwa nachekelea."

"Basi kama kaka yangu hamshiki mkono mwanangu, mimi jukwaani sipandi. Tafuta na mama mwingine Sankarankovil."

Alitoka akaenda kuchambua dengu ambazo zilikuwa zimeshachambuliwa. Baada ya muda mfupi Sudalaimuthu alisimama mlangoni pa jikoni.

"Ndizi za kwenye sinia," aliuliza, "tunaweka mbivu au mbichi kidogo?"

Walikwenda kwa miguu, kwa sababu gari lilikuwa na bendera. Isakkiammal alibeba sinia, mumewe akabeba kadi, na hawakufika kona ya pili kabla Thangapandi hajawaona. Kuona kiongozi wake anaelekea nyumbani kwa adui kwa hatua za haraka, Thangapandi aliamua ni maandamano, na maandamano bila watu ni aibu kwa mpambe. Alipuliza filimbi. Walipoingia mtaa wa Kombaiah nyuma yao kulikuwa na umati, bendera za kijani, na mpiga ngoma ambaye hakujua kilichotokea lakini alikuwa ameshaanza kazi. Wafuasi wa Kombaiah nao waliona umati, wakakimbia kujipanga getini na bendera za zambarau. Wenye maduka walivuta milango nusu, wakabaki nje kutazama.

Kombaiah alitoka. Masharubu yake yalikuwa yamepakwa rangi upya. Alitazama bendera, akatazama ngoma, kisha akaona sinia mikononi mwa dada yake, na uso wake ukabadilika akashindwa kuuficha.

"Shemeji," alisema. "Mkokoteni wangu unauendeshaje? Gurudumu la kushoto lina tabia ya kuvuta pembeni."

"Nimeshaona," alijibu Sudalaimuthu. "Na wewe mwavuli wangu utunze. Mvua ikinyesha kweli unavuja."

Mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa. Sudalaimuthu alikohoa. Mtu aliyeweza kuongea saa tatu bila maji alikuwa anatafuta neno moja, na mkewe alimwachia alitafute.

"Kombaiah. Ile hotuba yangu…"

"Ipi? Unazo mbili tu."

"Ile ya mama."

"Aa, hiyo nzuri. Hata mimi nilikuwa naijua kwa moyo."

"Nilikuwa mpumbavu." Alisema kwa sauti ya jukwaani, bila kukusudia, hivi kwamba hata walio mwisho wa mtaa walisikia. "Nimekaa upande wa pili siku hizi chache nimeelewa. Mtu hahami kwa raha. Mtu anahama amevunjika moyo, halafu anakuja mjinga mwingine anamtukana. Wewe ndiye uliyenibebea ndoo. Nisamehe, ndugu yangu. Mtoto anaolewa. Tumekuja kukuomba."

Ngoma ilikuwa imenyamaza yenyewe. Kombaiah alivua taulo la zambarau begani, akalifunga kiunoni kama mtu anavyofanya mbele ya mungu, akanyoosha mikono yote miwili kupokea sinia. Isakkiammal alipoliachia alilia waziwazi barabarani, bila kujali ni bendera ya nani inayomtazama.

"Ingieni basi," aliita wifi yake Muppidathi, mke wa Kombaiah, kutoka ndani. "Kahawa inachemka na mji wote uko getini kwangu. Thangapandi, watu wako na viatu vyao nje!"

Walipokwisha kunywa kahawa, Muppidathi alifungua chumba cha nyuma. Kulikuwa na vyombo vya shaba toka chini hadi dirishani: mitungi, sufuria, birika, masinia, taa za ibada. Kombaiah alisimama pembeni, akijikuna shingo.

"Kila siku ya kuzaliwa ya Malarvizhi alinunua kimoja," Muppidathi alisema. "Haongei na baba, haongei na mama, lakini mtungi ananunua."

Sudalaimuthu aliinua birika, akaligeuza kwenye mwanga. Kama desturi, mchongaji alikuwa ameandika ubavuni jina la mtoaji: Kwa Malarvizhi, kutoka kwa mjomba wake Kombaiah. Na chini ya jina, mkubwa kuliko jina, mkokoteni wenye magurudumu mawili. Alichukua mtungi: mkokoteni. Sinia: mkokoteni.

"Vyote?"

"Vyote," alisema Kombaiah. "Nilitaka kila mkitembelea nyumba yake, ukiletewa maji, unywe chama changu. Nimekaa nikiifikiria sura yako, usingizi unakuja wenyewe."

Sudalaimuthu alianza kucheka kutoka tumboni. "Lakini sasa ni chama changu mimi!"

"Ninajua! Nilifikiria hilo juzi, nikakosa hamu ya kula!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega ili wasianguke, wanaume wazima wenye mvi, na Isakkiammal alisikia kicheko alichokisikia mara ya mwisho wakati wote wawili wananuka gundi. Muppidathi ndiye aliyewarudisha.

"Na atavibebaje barabarani?" aliuliza. "Mgombea wa Mwavuli, na mkokoteni kichwani? Mwenye kokoto anazunguka mjini na simu yake anatafuta picha moja tu, airudishe tiketi yake."

Kicheko kiliisha. Kombaiah alimtazama dada yake, akatazama vyombo.

"Mchongaji anaweza kukwangua," alisema Sudalaimuthu taratibu.

"Anaweza." Kombaiah alifuta vumbi kwenye mtungi kwa kiganja. "Dada, tambuu nimepokea. Zaidi ya hapo usiniulize leo."

Asubuhi ya harusi ukumbi ulikuwa umejaa mapema. Mchuzi wa dengu ulikuwa unatokota nyuma kwenye masufuria, majani ya mgomba yameoshwa, asumini imefungwa kila nguzo. Viongozi wa Mkokoteni wa wilaya walikaa safu ya mbele kwa misuli ya kijani. Karibu na mlango alisimama mwenye kokoto, pete kila kidole, amealikwa na nani hakuna ajuaye, simu yake mkononi. Na pembeni ya jukwaa alingoja binamu wa Sankarankovil, shati limepigwa pasi, nywele zimepakwa mafuta, tayari kabisa kutembea vizuri.

Saa njema ilikaribia na Kombaiah hakuonekana. Kuhani alitazama moto, akamtazama Sudalaimuthu.

"Mheshimiwa, mjomba yuko wapi? Muda hautungoji."

Mwenyekiti wa Mkokoteni wa wilaya aliinama kutoka kiti chake. "Huyu kijana hapa si mjomba pia?" alisema kwa upole wa kutisha. "Mweke huyu, Sudalaimuthu. Itakuwa bora kwa wote."

Isakkiammal alikuwa chini ya ngazi, na mguu wake ulikuwa haujakanyaga ngazi ya kwanza. Alimtazama tu mumewe, na moyo wake ulikuwa unapiga kwa nguvu kuliko wakati wowote wa kuhesabu kura.

Sudalaimuthu alishuka jukwaani. Alipita mbele ya safu ya kijani bila kusalimia, akasimama katikati ya ukumbi.

"Mwanangu ana mjomba mmoja," alisema. "Akikawia, tunamngoja. Asipokuja, nakwenda kumchukua mwenyewe, na anayetaka kunifukuza chama aandike sasa hivi, asubiri nini."

Binamu wa Sankarankovil alikaa chini kwa shukrani. Isakkiammal akampenda mume wake upya, palepale, na ndevu zake zilizonyolewa vibaya.

Kisha zumari likasikika.

Lilianza mbali, upande wa hekalu, na ngoma chini yake, na kelele za watoto. Watu walikimbilia mlangoni. Barabara nzima ilikuwa inakuja: Muppidathi na wanawake wenye masinia ya matunda na hariri, wapambe wa zambarau na wa kijani wamechanganyika, Thangapandi anacheza mbele na jasho linamtoka, na katikati ya wote Kombaiah, mtungi mkubwa wa shaba kichwani. Alikuwa amesugua vyombo vyote kwa ukwaju mpaka vikawaka juani, ndicho kilichomchelewesha. Na mkokoteni haukuwa umekwanguliwa. Ulikuwa umegeuzwa mbele, watu wote wauone.

Mwenye kokoto alipiga picha, akapiga nyingine, akatuma. Kombaiah alimngoja amalize, hata akageuza shingo kidogo ili mwanga umpate vizuri.

"Mkokoteni umetoka vizuri?" alimwuliza. "Nitumie na mimi moja."

Simu ya Kombaiah ilianza kulia kabla hajafika jukwaani. Ya Sudalaimuthu ikafuata, mfukoni mwa shati, kwa mlio wa wimbo wa chama ambao alikuwa bado hajaubadilisha. Chennai ilikuwa inawaita wote wawili. Walitazamana. Isakkiammal alinyoosha mkono kwa mmoja, kisha kwa mwingine, nao wakampa simu bila ubishi kama watoto waliokamatwa na pipi. Aliupokea mtungi wa shaba kichwani kwa kaka yake, akazitumbukiza ndani, akafunika kwa sahani, akauweka mtungi chini karibu na ngazi. Ndani mle Wakuu wawili waliendelea kulia pamoja. Ngoma zikawazidi.

Kombaiah alikwenda mpaka kwenye mlango wa chumba cha bibi harusi na Malarvizhi akatoka, sari nyekundu, mzito kwa dhahabu na maua. Msichana huyu alikuwa amemwona mjomba wake maisha yake yote kwenye kuta za mji, na kwenye yale mabango ya mbao yanayosimamishwa barabarani, marefu kuliko minazi, mkono umeinuliwa, masharubu kama makasia mawili. Hakuwahi kusimama naye. Sasa alisimama mbele yake, akainua macho kuutafuta uso wake, kisha ilimbidi ayateremshe.

"Mjomba," alisema kwa mshangao, "kumbe wewe ni mfupi!"

"Ndiyo, mwanangu," Kombaiah alijibu, machozi yanamwingia masharubuni. "Hawakuwahi kukwambia mengi kuhusu mimi."

Alimshika mkono. Isakkiammal alipanda ngazi nyuma yao.